Mbuzi wa Mstari wa Mia Nne

Jumatatu, 6 Machi 1989

Mbuzi kafutwa tena. Nimewasha mashine, kompyuta yetu moja ya shule, nimesubiri kaseti imalize kupiga kelele, mashua ikatokea kwenye televisheni, viboko wakatokea, mbuzi hakuna. Kazi ya Papa Kisimba, mwalimu wetu wa jiografia. Huingia wakati wa mapumziko, huangalia nyuma, hufuta, hutoka kama aliyetoka kuungama. Kufikia saa nane wanafunzi walikuwa wamemrudisha. Nilijifanya sijaona. Mimi ndiye niliyemchora mara ya kwanza, vinukta nane kwa vinane, pembe na yote.

Maskini Kisimba. Miaka miwili iliyopita alitumwa Moba akiwa na mfuko wa mitihani. Akalala ndani ya mashua. Mbuzi wa abiria mmoja akala darasa la nne lote, maswali kumi na mawili na ramani. Tangu hapo hakuna anayemtania kwa habari nyingine.

Jumanne, 7 Machi

Barua. Ijumaa anakuja Inspekta wa shule kuangalia kama mashine yetu inafanya kazi ya maana. Isipofanya, ataipeleka biro, ofisini kwake. Prefe, mkuu wetu wa shule, amesimama mlangoni mwa darasa langu: upuuzi wote uondolewe kabla ya Ijumaa.

Nimekasirika mpaka sasa. Mhandisi mgeni aliyeondoka hapa Kabimba ndiye aliyetuachia mashine hii na kitabu chake cha michezo. Mchezo wenyewe ulikuwa wa vyombo vya angani. Nilifundisha miezi mitatu, wanafunzi watatu, wote wanapiga miayo. Nikageuza chombo kuwa mashua ya Moba. Nikatia mbuzi: ukizubaa tu anakula pointi zako, na chini yanatokea maneno, "Mbuzi anaomba karatasi nyingine." Wiki iliyofuata walikuja arobaini. Wasiotaka kusikia aljebra walijifunza hesabu zote za mashine, kila mmoja apate kuingiza mzaha wake. Sasa kuna maharagi ya bweni yanayozamisha mashua. Kuna kengele ya Prefe inayolia kabla ya wakati. Mtu wa nje hawezi kuelewa hata kimoja. Utamu wenyewe ndio huo.

Alhamisi, 9 Machi

Nimeua mchezo. Mimi, mwalimu wa hesabu, mwenye diploma.

Nilifuta mistari yote ya mizaha kwenye programu. Maharagi, kengele, mbuzi. Mashua inapita kiboko wa kwanza, kisha kila kitu kinasimama. Saa tatu nzima nimetafuta kosa. Nikalia kidogo, naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Kisimba akaingia kwa shughuli yake ya kila siku. Akatazama. Akavuta kiti.

"Mama, umeondoa mustari wa mia ine?"

"Nimeondoa."

"Hapana kuondoa. Pale ndo mashine inapita kwa kuhesabu. Miye nafutaka maneno tu, mustari naacha."

Ni kweli. Nilipomtia mbuzi nilimpachika kwenye mstari huo, katikati ya hesabu, na kila aliyekuja baadaye akapitisha mzaha wake hapo hapo. Mzee wa miaka hamsini kajifunza mashine kwa hasira tu, peke yake, ili amfute mbuzi. Akarudisha mstari ukiwa mtupu. Mchezo ukaenda. Safi kama sahani ya hospitali. Nilimshukuru, nikaona aibu mpaka masikioni.

Ijumaa, 10 Machi

Inspekta alikaa mbele ya televisheni, abakosti, lile koti la viongozi, imebana shingoni. Akaongoza mashua. Kiboko, kiboko, kiboko. Akatazama saa. Wanafunzi arobaini, nyuso za mazishini. Akasema mashine ni nzuri, ofisini itafaa zaidi, na akaanza kufunga kalamu yake. Prefe akaitikia kwa kichwa.

Kisimba akainuka. Akaenda kwenye kibao cha herufi cha mashine, akaandika kwa kidole kimoja, bila kutazama karatasi yoyote. Mstari wa mia nne. Maneno yote. Picha yote.

"Citoyen Inspekta, jaribu tena."

Akajaribu. Akazubaa. Mbuzi akala, akaomba karatasi nyingine. Inspekta akauliza mbuzi huyu ana maana gani.

"Ni mbuzi wa kwangu," akasema Kisimba. "Mashua ile, ndo nilikuwa ndani."

Akasimulia yote. Mfuko, usingizi, ramani ikining'inia mdomoni. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akisimulia mwenyewe, na kumbe anajua kusimulia kuliko sisi sote. Prefe alishika ukuta kwa kicheko. Inspekta alifungua kifungo cha shingo, akafuta machozi, akacheza mpaka saa sita, huku wanafunzi wakigombania kumwonyesha walivyounda kila kitu. Kwenye daftari la wageni kaandika: "Mashine ibaki. Nimeliwa na mbuzi mara kumi na moja."

Nina furaha ya kijinga. Nimetembea nyumbani nikicheka peke yangu barabarani.

Jumapili, 12 Machi

Shule tupu. Nimekwenda kunakili mchezo kwenye kaseti ya pili, isije ikapotea. Kisimba alipita akitoka misa, akakaa. Tulisikiliza kaseti ikilia.

Kisha akanigusa bega, akaonyesha mbuzi kwenye televisheni.

"Hakukuwa na pembe, Mama."

Sote tulimchora mbuzi, hakuna aliyewahi kumuuliza Kisimba alifananaje. Nimefuta pembe. Ametazama, akasema ndiye huyo.