Mstari wa Pili Uliouacha

Shimabara,
16 Februari. Asubuhi ukungu mlimani, baridi ya nyuzi mbili, hakuna upepo.

Mpendwa Dada Kinue,

Hujambo huko Tsushima? Goti lako linaendeleaje na baridi ya kisiwani? Shemeji je, kikohozi kimemwachia? Sisi hapa tu wazima. Mama anakula vizuri wiki hii, na juzi alikuulizia mara mbili. Wale ngisi wakavu uliowatuma walifika tarehe nne, tunashukuru.

Kila nikikumbuka mbio za kupokezana za Januari nampongeza Nagisa wako moyoni. Binti wa miaka kumi na tisa kupanda kilima kile vile si mchezo. Najua kupitwa mita hamsini za mwisho kulimuuma. Najua pia aliyempita ni Sayuki wetu, na kwamba timu yenu ilikosa nafasi ya tatu kwa sekunde tisa.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Jumapili chama cha riadha kiliniita, mimi kama meneja wa timu yetu ya wanawake. Nikasomewa malalamiko yasiyo na jina. Yalisema Sayuki alizaliwa na kulelewa kama mvulana, na kwamba si haki akimbie na wanawake, hata kama nyaraka zake zote leo zinasema ni mwanamke. Nilisikiliza kwa utulivu mpaka msomaji alipofika hapa: “Anakimbia kama mtu aliyechelewa mazishi ya mama mkwe.”

Dada, hayo ni maneno yangu. Unajua kila barua yangu huwa nainakili kwenye shajara. Nilirudi nyumbani nikaifungua: 3 Novemba, barua kwa Dada Kinue, ukurasa wa pili. Neno kwa neno.

Nilikuandikia kwa sababu siri ile ilinilemea, na sikuwa na mwingine wa kumwambia. Sayuki alinijia mwenyewe na daftari lake la zamani la mazoezi. “Dada Tamayo, wewe ni mtu wa hesabu. Niambie kama nawadhulumu wenzangu.” Niliandika mistari miwili. Wa kwanza: kilomita tano kabla ya matibabu, dakika kumi na tano na sekunde hamsini. Wa pili: kilomita hizohizo baada ya miaka mitatu ya dawa za homoni, dakika kumi na nane na sekunde ishirini. Yote miwili nilikutumia. Malalamiko yana wa kwanza tu.

Sisemi swali lako la haki ni baya. Mimi mwenyewe nimelala nalo miezi. Sayuki ana miguu mirefu ambayo hakuna dawa ya kuifupisha, na mstari wangu wa pili haujibu kila kitu. Ungeandika kwa jina lako, kama mama yake Nagisa, tungebishana na bado ningekuheshimu. Lakini nilikupa siri mkononi, nawe ukaimwaga barabarani, tena nusu yake.

Juzi timu ilikutana. Hatsuko, yule mfupi anayefungasha tambi kiwandani pamoja na Sayuki, alisimama: “Basi tupimwe miguu sote! Mimi na ufupi huu nidai sekunde ngapi?” Watu wakacheka. Kisha akanigeukia, na yeye hakuwa anacheka tena. “Lakini wewe meneja ulijua. Mwaka jana nafasi yake kwenye timu tuliigombea mimi na yeye. Hukuona nami nastahili kuambiwa?” Nimeliandika swali lake kwenye shajara, na chini yake nimeacha nafasi ya jibu.

Chama kimemsimamisha Sayuki hadi kitakapotunga kanuni, maana hakikuwa nayo. Jana alikuja kurudisha ukanda wa timu, ule tunaouvaa begani na kupokezana njiani. Alikuwa ameufua na kuupiga pasi. Nikamweleza ukweli: nilimwambia mtu mmoja tu, dada yangu wa damu.

Akauweka ukanda mezani. “Mimi pia, Dada Tamayo, nilimwambia mtu mmoja tu.”

Chai yake hakuigusa.

Kwa hiyo siwezi kukulaumu wewe nikajiacha mimi. Ninachokuomba ni kimoja: kiandikie chama tena, kwa jina lako, na uweke mistari yote miwili. Kama bado unaamini si haki, sema hivyo waziwazi, waamue wao. Mpaka siku hiyo nitakuandikia habari za Mama na hali ya hewa, basi.

Msalimie Shemeji. Nagisa mwambie asiache mazoezi ya kilima. Kama hajui ulilofanya, asilijue kwangu. Baba yetu na wote waliotangulia wawaangalie huko ng'ambo ya maji.

Mdogo wako, anayekupenda hata leo,
Tamayo

Asubuhi ya tarehe 17, mvua nyepesi. Barua hii nimeinakili mara mbili: nakala moja ya shajara, nyingine ya Sayuki, ili safari hii ajue nani ameambiwa nini. Usingizi ulinijia saa tisa na robo usiku.