Nilimcheka Gidamis kwa Pointi Tano

Mpendwa mshauri, binti yangu Yasmini,

Naomba msaada, na usicheke kabla hujamaliza kusoma. Mjukuu wangu Irene alipopata matokeo ya kidato cha sita akaniambia, babu, nina pointi kumi na tatu, na mjukuu wa jirani yangu Gidamis kapata tano, basi mimi mtu wa darasa la nne, ninayejua kwamba mwenye ng'ombe kumi na tatu humpita mwenye watano, nikamwendea Gidamis mbele za watu nikamwambia, "Pole, mzee mwenzangu, tano hazijazi hata zizi la mbuzi! Wangu anakuwa daktari, wako atamshikia mkoba," nikachinja beberu, na Gidamis akala paja zima kimya, kumbe anajua, mzee mbaya kuliko fisi yule, akamaliza mfupa ndipo akasema, "Bwana, huko pointi zikizidi ndiyo umeachwa nyuma." Sasa kijiji kizima kinaniita Daktari, nami nimemwambia Irene arudie mtihani tumzibe Gidamis mdomo, yeye anasema kemia na baiolojia kapata D, eti D ni kufaulu, anataka kuomba chuo cha mambo ya mifugo hivyohivyo, maombi yanafungwa Ijumaa, simu yake nimeificha kwenye gunia la mahindi, na analia. Sijashindwa hoja, nataka tu uniunge mkono.

Babu Akonaay, Gendabi

Shikamoo babu. Nimecheka kabla sijamaliza, nisamehe.

Sikuungi mkono. Irene hakufeli. Chuo hakitazami jumla ya pointi peke yake, kinatazama kafaulu masomo gani, na hizo D mbili ndizo watu wa mifugo wanazoanza kuulizia. Udaktari, sahau. Digrii akiikosa, ipo stashahada, na akiifanya vizuri itampandisha. Kurudia ni mwaka mzima bila uhakika. Angetaka mwenyewe ningemwombea kwako. Hataki. Anayetaka ni wewe, na kwenye chumba cha mtihani hutaingia.

Aibu ni yako, babu, ibebe. Wakikuita Daktari, itika, watachoka.

Simu mrudishie leo, siku ya mwisho mtandao hujaa kama mnada wa Katesh. Aombe kozi zaidi ya moja, na zile zisizogombaniwa pia. Akikuuliza achague ipi, mwambie, "Wewe unapenda ipi?" Halafu nyamaza. Hata koo likikuwasha.