Mesaji Zenye Kujifuta Zenyewe

Lundi, 2/10/2023

Weeh! Mudogo yangu Bijou, kidogo tu bamukamate! Bwana yake Fabien alifika jana Minova, kwenye Bijou alimukimbia, akauliza nyumba kwa nyumba. Mungu mukubwa — Bijou alikuwa ku lac, pembeni ya ziwa, anafua. Mama moja akamukimbilia: usirudi, bwana yako iko pale na fimbo. Akatoka vile alikuwa, nguo za maji ku kichwa. Ule bwana alishamuvunja meno. Akimupata sasa, atamuua.

Nani alimuambia Minova? Mimi sikusema kwa mutu! Rafiki yangu Euphrasie tu. Na Euphrasie haiko mutu wa kusema.

Mardi, 3/10

Nimejua! Ni ku cabine ya Papa Zagabe, kwenye tunatiaka telefone charge. Courant hakuna ku manyumba, basi mutaa yetu ya Nguba yote tunaacha telefone pale, bila kode. Juu ukiweka kode, Zagabe analalamika: nitaona namna gani kama imejaa? Kumbe anakunywaka na Fabien! Alisoma mesaji za Bijou ku telefone yangu, moja moja.

Nilimufokea mbele ya batu. Eti: "Maman Lucie, wewe njo radio ya Nguba, unanilaumu mimi?" Batu bakacheka. Na mimi nikacheka. Halafu nikalia.

Jeudi, 5/10

Mungu abariki Mapendo, jirani yangu mwenye anafundisha ku école! Aliketi na mimi asubui nzima. Akanitilia Signal, ya kutuma mesaji, na Bijou naye akaitia ku telefone yake. Bure, haulipe kitu! Mesaji inafungwa toka kwangu mpaka kwa Bijou, hata benye balitengeneza ile kitu habawezi kuisoma. Siku moja ikipita, inajifuta yenyewe. Nikasema: aii, na habari tamu nayo ijifute? Mapendo akacheka mpaka akashika mbavu.

Anasema vile baliitengeneza iko wazi, mwenye kujua anaweza kuangalia. Mimi: iko wazi na inaficha siri? Namna gani? "Maman Lucie, sombe, majani ya muhogo, kila mama anajua vile banapikaka. Lakini sufuria yako iko na mufuniko." Basi! Nimeelewa.

Hata torche ya mu telefone akatoa! Torche ya kumulika tu — kumbe ilikuwa inataka namba za batu yangu yote. Ya nini? Iko na kwenda kumulikia batu? Akatia ingine, ya ku duka ya mu telefone yenye haiulize hata jina yako.

Na kode nimeweka. Sasa ku cabine naketi mwenyewe, napiga habari mpaka telefone inajaa. Zagabe amechoka na mimi!

Dimanche, 8/10

Sauti ya Bijou! Iko muzima. Amepata pahali — wapi? Hata hapa siandike. Anasema amelala bila kuamka-amka. Nilisikiliza, nikarudilia, nikarudilia.

Ku misa nilishukuru Mungu, nikashukuru Mapendo, nikashukuru hata bale batu sijui, benye balitengeneza kitu na kuachia batu batumie bure. Mungu abape watoto wengi.

Ku mulango ya kanisa Euphrasie akauliza: Bijou iko wapi sasa? Nikasema sijui. Mimi!

Mardi, 10/10

Fabien iko mu salon yangu. Amekuja na kidumu ya kasiksi, pombe ya ndizi, kama shemegi muzuri. Na kwetu mutu akikuletea pombe, haumufukuze. Unaketi, unakunywa naye.

"Shemegi, nionyeshe telefone, kama hauna kitu ya kuficha." Nikafungua, nikamupa. Akatafuta, akatafuta. Bijou tulimuandika "Muuza makala ya kupikia" — akafika hata pale. Mutupu! Zote zimejifuta. Merci Mungu, merci Mapendo!

Mais bado haondoke. Ananimiminia tu. "Telefone inaweza kunyamaza, shemegi. Lakini wewe, nakujua." Na kweli ananijua. Hii kasiksi ni kali, nasikia kinywa inaanza kufunguka yenyewe.

Basi nimemupa habari. Ya Constance na pagne, kitenge ya kukopa. Ya Tonton Aloys, vile alianguka mu bwawa na costume ya ndoa. Alicheka mpaka machozi. Akapanguza macho, akauliza tena: Bijou iko wapi?

Nimeingia mu cuisine, eti natafuta chumvi. Naandika hapa haraka. Kidumu bado nusu.

Anaita: "Shemegi, unaniacha peke yangu?"

Nakuja! Kuna ile ya mukwe ya Parfait na mbuzi ya abbé, padri yetu. Ile ni ndefu, naweza kuirefusha tena — na Bijou haimo ndani, hata kidogo —