Yai la Jumatatu

Easterwier, 20 Novemba 1983

Dada yangu Jeltsje,

Pokea salamu zetu nyingi huko Kanada, wewe na shemeji Gosse na wapwa zangu wote. Goti lako linaendeleaje? Ulisema daktari anataka ulipumzishe, nami nikajua hutamsikiliza. Sisi hatujambo. Mke wangu Sjoerdtsje amepona kikohozi, ng'ombe wameshaingia zizini kwa majira ya baridi, na mvua inatupiga ubavuni kama kawaida yake. Leo Jumapili tumetoka kanisani, tumekunywa kahawa na mkate wa sukari, nami nimeketi kwenye meza ile ile ya Mama.

Habari kubwa ni kwamba halmashauri yetu inakufa. Kuanzia Januari vijiji vyetu kumi na kimoja vinaunganishwa na vya ng'ambo ya ziwa, kwa wale tuliokuwa tukiwaita wala maganda ya jibini, na ofisi zote zinahamia kwao. Watu wamenuna. Juzi mwokaji mikate alisema kwamba sasa hata kufa kutahitaji kibali cha wala maganda, na yeye atajitahidi kufa kabla ya Krismasi.

Kabla ya kufunga milango, karani wetu Baukje anaandika kijitabu cha kumbukumbu: kila kijiji, historia yake, na vitu ambavyo mgeni angependa kuviona. Alikuja hapa na daftari. Nikamweleza habari za mnara wetu ulioinama, na za kilima ambacho kijiji kimejengwa juu yake, jinsi babu zetu walivyochimba nusu yake wakaiuza kama udongo wa kurutubishia mashamba, hata kanisa likabaki ukingoni. Akaniuliza kama kweli nataka hilo liandikwe. Nikamjibu kwa kiburi kwamba historia huandikwa ilivyo, si kama tunavyopenda.

Basi akafungua ukurasa wa katikati. Akasema huo ni wangu. Ni habari za ule ubao katika ukumbi wa halmashauri, wenye majina ya waliompelekea meya yai la kwanza la ndege wa kishungi kila mwaka. Kumbe katika ubao mzima hakuna yai lililopatikana mapema kuliko lile la Machi 14, 1949, lenye jina langu. Alitaka anipige picha nikiwa na ule mti mrefu wa kurukia mifereji, aandike chini yake: Hylke wa Yai. Niliinuka mezani, Dada. Nikamwambia ng'ombe wananingoja.

Sasa nisikilize, na usiache kusoma.

Unaikumbuka ile Jumapili, tarehe 13. Wewe na Gosse mlikuwa mmeshakata tiketi za meli ya Mei kwenda Kanada. Tulipotoka kanisani ndege wa kishungi aliruka ng'ambo ya mfereji mpana, nawe uliona alipoinukia, ukajua pana yai. Hukuvuka, kwa sababu katika nyumba ya Baba yai halikuokotwa siku ya Bwana. Jioni, tukikamua, ukaniambia mimi peke yangu. Ulisema, "Kesho nikimaliza kukamua naenda kulichukua. Nataka niache jina langu hapa kabla sijaondoka."

Jumatatu nilikuacha na ndoo. Nilisema naenda kutazama uzio. Nikachukua mti wako wa kurukia, nikavuka, nikalikuta yai moja, bado lina joto. Jeltsje, ulipokuta kiota kitupu ulidhani ni kunguru; hakuna kunguru aliyekula yai lako. Na lile langu sikulipata upande wa kinu cha upepo, kama nilivyokwambia. Lilikuwa ndilo hilo hilo.

Unajua Baba alivyokuwa akinisema kila Machi nikirudi mikono mitupu: macho hayo umepewa ya nini, ya kupambia uso? Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilikuwa nimechoka. Siku ile alinivulia kofia. Alinivulia kofia mimi! Baada ya hapo nisingeweza kusema kitu. Lakini kinachoniuma zaidi ni wewe. Ulilia kidogo kwa ajili ya kunguru, kisha ukavua skafu yako ukanifunga shingoni, ili niende kwa meya nikiwa nadhifu. Na Mei, kwenye ngazi ya meli, ukapunga mkono ukapaza sauti: "Kwaheri, Hylke wa Yai!" Wewe ndiye uliyenipa jina hilo. Nimeitwa hivyo miaka thelathini na minne.

Alhamisi nilikwenda kwa Baukje nikamweleza yote. Alicheka kwanza, akidhani ni mzaha. Halafu akaweka kalamu chini, akasema Wopke fundi rangi yuko ukumbini anafufua herufi zilizofifia kabla ubao haujahamishwa, basi kama nina hakika, ni leo. Nilisimama chini ya ngazi yake mpaka alipomaliza.

Kijiji kizima kinajua. Jana mwokaji aliniuliza kama mkate nilioshika ni wangu au wa Jeltsje. Sjoerdtsje ananiwekea sahani mezani na kurudi jikoni. Hayo nitayazoea. Baba ndiye aliyezikwa akijisifia mwana asiyekuwa naye, na kwake sina tena pa kwenda kuomba radhi. Kwako bado ninapo. Nisamehe, Dada, ukiweza. Usipoweza, niandikie uniambie hivyo, maana barua yako ya hasira ni bora kuliko kimya.

Nimeweka picha ya ubao ndani ya bahasha. Rangi inang'aa kwa sababu ilikuwa bado mbichi. Mwaka ni ule ule, tarehe ni ile ile, na jina ni lako. Uliliacha hapa kama ulivyotaka. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa juu yake.

Mti wako bado unaning'inia ghalani, naupaka mafuta kila mwaka. Msalimie sana Gosse, wabusu wajukuu, na hilo goti ulitunze.

Ni mimi mdogo wako,

Hylke tu.