Imejaribiwa na Nafula

Jumapili, 6 Januari 2013

Kazini saa moja. Kiprop amenifungulia mlango wa chini. "Habari ya asubuhi, Madam." Yeye ni soja wa jengo letu hapa West Bay, huku ughaibuni. Mimi ni wa kompyuta, ghorofa ya kumi na tisa.

Laptopu yangu bado haijapona. Nabonyeza kitufe cha kupunguza mwanga, alama inashuka kwenye skrini, mwanga wenyewe haushuki. Macho yananiuma. Ofisi ilituuzia hizi kuukuu mwaka jana, moja nikachukua mimi, nyingine Kiprop. Tatizo liko ndani ya kerneli, moyo wa mfumo wenyewe. Miezi minne nalifukuzia. Siku nikilitengeneza, jina langu litaingia humo, kati ya waliochangia, na litakaa. Hicho tu ndicho nataka mwaka huu.

Ijumaa, 11 Januari

Baada ya kanisa, maana huku ibada ni Ijumaa, Kiprop kaniita pembeni. Kafungua laptopu yake juu ya kiti cha plastiki. Kabonyeza. Mwanga ukashuka. Kabonyeza tena. Ukashuka tena.

Ati kuna njia mbili za kuiongoza taa ya skrini, na kerneli inachagua ile mbovu. Kaandika mistari minne ya kuiambia, ukikuta laptopu ya aina hii, tumia njia ya pili. Minne! Kajifunzia kwenye simu, zamu ya lango.

Nikampongeza. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Nikarudi Mansoura, ninakokaa, kwa teksi. Nina wivu. Naandika hapa kwa sababu hakuna pengine. Mimi nina digrii, bana.

Jumanne, 15 Januari

Ameomba nimjaribie. Yangu ni aina ileile ila chipu ya picha ni tofauti, na wale wazee wanaosimamia kerneli wanataka mtu wa pili athibitishe kabla ya kupokea kiraka chake, hiyo mistari minne. "Ni wewe tu naweza kuamini, Dada Nafula." Kanisani na kwenye simu mimi ni Dada. Langoni ni Madam.

Nimemwambia sawa.

Alhamisi, 17 Januari

Sijajaribu. Nikifungua faili la kiraka naona jina lake juu, nafunga.

Kapiga simu mara mbili. Mchana nimemwandikia: Nimejaribu. Inafanya kazi. Maneno matatu. Nilitaka aniache tu. Na niseme ukweli: sehemu yangu moja ilitaka kiharibike.

Jumatatu, 28 Januari

Kiraka kimepokelewa. Nimekisoma mwenyewe kwenye mtandao. Jina la Kiprop juu. Chini kabisa, mstari mdogo: Imejaribiwa na Nafula.

Kumbe jina langu limeingia. Nimeliangalia hadi chai ikapoa. Sikufurahi hata kidogo.

Meneja wangu amesikia. Anataka kumhoji Kiprop kwa nafasi iliyo wazi idarani kwetu. Yaani akae meza inayotazamana na yangu. Kampuni yake ya ulinzi imekubali kumwachilia, ila mpaka Alhamisi ya wiki ijayo tu. Baada ya hapo, khalas, anafungwa mkataba wa miaka miwili mingine mlangoni. Watu wote wa nyumba anayokaa kule Rayyan wanamwombea. Mimi nimekula ugali nikalala mapema.

Jumanne, 5 Februari

Leo nimeweka kerneli mpya, hiyo yenye kiraka chake. Nikabonyeza. Mwanga ukashuka vizuri. Nikabonyeza hadi chini kabisa.

Skrini ikazima. Giza. Nabonyeza kupandisha, wapi. Ilibidi niizime yote na kuiwasha upya.

Nikaenda kwenye orodha ya barua pepe ya wasanidi. Mtu mmoja wa mbali ameandika jana: skrini inazima, mashine ina chipu kama yangu. Kuna aliyejibu akiuliza nani alijaribu hiki kitu. Jina liko pale, asome.

Mahojiano ni keshokutwa.

Jumatano, 6 Februari

Kiprop yuko langoni, kapiga pasi sare mpaka inang'aa. Ameshaiona ile barua. "Madam, yako haikuzima, sivyo?" Nikasema nitaangalia. Nikaingia kwenye lifti. Mwoga mimi.

Alhamisi, 7 Februari

Saa nne nikaanza kuandika kwenye orodha: Sikujaribu. Nilisema nimejaribu. Kosa si la mwandishi wa kiraka. Nikafuta. Nikaandika upya, nikafuta tena. Saa sita kasoro nikatuma.

Mahojiano yalikuwa saa tano.

Meneja alimuuliza kuhusu skrini zinazozima. Kiprop akasema kosa ni lake, hakuangalia vya kutosha. Hakunitaja. Nimeambiwa na meneja mwenyewe jioni, akishangaa barua yangu. Nilimsihi. Nikamwambia kosa ni langu lote. Akasema nafasi ameshampa mwingine, na huyo ameshasaini.

Ijumaa, 8 Februari

Kanisani kakaa safu ya mbele. Nilimngoja nje nikamwomba msamaha, nikaeleza yote, hata wivu. Akasikiliza. Akasema, "Nimesikia, Madam."

Madam. Pale kanisani.

Jumatano, 13 Februari

Asubuhi Kiprop hufungua mlango. Hasemi kitu kibaya. Miaka miwili nitakuwa napita hapo kila siku.

Jumamosi, 16 Februari

Barua kutoka kwa Kiprop. Kiraka kipya, kinazuia mwanga usishuke hadi sifuri kwenye chipu kama yangu. Anaomba nijaribu, maana hana mwingine mwenye mashine hii. Safari hii anataka picha ya kila hatua.

Ana haki.

Nikafunga mapazia mchana. Hatua nane. Nabonyeza, napiga picha kwa simu, nabonyeza tena. Ile ya chini kabisa skrini imefifia sana, lakini haikuzima. Nikaiacha dakika kumi kuhakikisha. Nikapandisha, ikapanda.

Kwenye picha ya nane uso wangu umeonekana kwenye kioo cha skrini, macho mekundu. Nilitaka kupiga nyingine. Nikazituma zote hivyo hivyo, na chini nikaandika mashine, chipu na saa. Maneno yale matatu sikuyarudia.

Amejibu: Zimefika.