Maji ya Halvorsen yageuka pinki

Shoga, acha unachofanya usome hapa!!

Halvorsen. Yule anayeuzia Duluth nzima "maji ya alkali". Leo wazazi walikuja darasani kwangu kueleza kazi zao, naye huyo na katoni yake.

Eti asidi ni adui wa mwili, ndiyo maana kila chupa yake ina limau.

LIMAU, shoga. Nikauma ulimi.

Binti yake Signe hakuuma. Kachukua maji ya kabichi ya zambarau tuliyotumia jana kupima asidi, kayamimina kwenye kikombe cha maji ya baba yake. Pinki papo hapo!

Darasa zima: "Asidiii!"

Mtu mzima kawa mwekundu kuliko kikombe. "Yakifika tumboni yanageuka alkali, mwanangu."

"Baba, tumboni ndiko kwenye asidi kali zaidi."

LIMAU jamani!

Signe kaongeza kijiko cha magadi. Povu likafurika mpaka kwenye suruali ya baba, kikombe kikageuka bluu. "Haya baba, sasa ni alkali. Kauze."

Nimecheka mpaka nikakumbuka nani alinishawishi ninunue katoni nzima ya maji hayo. WEWE. Njoo uchukue katoni yako ukaungie saladi.