Pale Bi Nunu Alipokataa Kurudi

Dubai, Machi 2015

Kwako dada yangu Mastula,

Shikamoo dada. Natumai barua hii itakukuta barazani, magoti yametulia, na kwamba ile dawa ya kuchua niliyompa Deus akuletee imefika bila kumwagika kwenye nguo zake. Watoto hawajambo? Paa la jikoni bado linavuja? Mimi ni mzima. Ninakula, ninalala, na bado nagombana na watu, kwa hiyo usiwe na wasiwasi na afya yangu. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu unanijibu kabla sijamaliza, na safari hii nataka nimalize.

Nikupe habari ya njia. Kando ya bahari huku kuna njia ya watu wa miguu na wa baiskeli, gari haliigusi. Jioni utawaona wazee wakinyoosha viungo, mayaya wakisukuma vigari vya watoto, vijana wakipita na kengele zao. Ni kitu kizuri na ninakisifu, ingawa unajua kusifu kunanipa shida. Lakini karibu na bandari ya Hamriya, ninakofanya ukarani wa mizigo, njia inafika kwenye uzio na kufa. Ng'ambo ya pili ndiko wanakolala makuli na wapishi. Wakitoka kazini hupita ukingoni mwa barabara kuu, ubavu kwa ubavu na malori. Watu wanasimamisha ghorofa mpaka mawinguni, halafu kuli hana pahali pa kuweka gurudumu lake.

Mwezi wa kumi na moja lori lilimkwangua Josephat, kuli wetu kutoka Kagera, likamtupa kwenye kokoto pamoja na baiskeli yake. Alipona, ila mkono ulivunjika. Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta anaomba radhi kwa sababu baiskeli ilikuwa ya kuazima. Hapo damu ikanipanda.

Wafanyabiashara wa upande huu wana mfuko wa mambo ya mtaa, na tulishaambiwa kwamba njia inaweza kurefushwa mradi mfuko huo uchangie. Nikaandika. Unazijua barua zangu. Niliwatajia miji ya Ulaya na Asia inayomheshimu mtu wa baiskeli, nikawatupia wanafalsafa, nikawauliza kama roho ya kuli ina thamani ndogo kuliko kreti la nyanya analobeba. Irene, Mkenya ninayekaa naye meza moja, aliisoma ya pili akacheka mpaka akaegemea kabati. "Anti, hii si kuomba doo," akaniambia, "hii ni samansi ya korti." Wenye mfuko wakanishukuru kwa adabu. Wakasema fedha zimeshapangiwa mambo mengine. Nikaandika ya tatu, kali zaidi, wakanishukuru tena.

Aliyenizuia nisiandike ya nne ni Bi Nunu. Ni mtu wa Unguja, familia yao iko huku tangu kabla mimi sijazaliwa, na mkubwa wa ule mfuko, Bwana Marhun, ni mtoto wa binamu yake, Bi Ashwaq. Aliniambia, "Wewe mwanangu humuombi mtu. Unampiga mawe, kisha unamkingia mkono. Hebu waache, n'tawaalika chai." Akaniamuru nami nije, nikae kitako, na akasema nikiitaja njia atanitoa nje mbele ya wageni.

Basi tukanywa chai, sisi wanne, Bi Nunu na mimi, Bi Ashwaq na mwanawe, na mkate wa kumimina katikati. Wakaongea harusi. Wakaongea nani kanenepa huko Maskati. Hoja zangu zilikuwa mkobani, nikizihisi zinatokota. Hakuna aliyetaja njia. Wageni wakainuka, gari lao liko mlangoni. Bi Nunu akamwambia dereva atangulie, akawangoje ng'ambo ya bandari, maana wageni wake atawasindikiza kwa miguu. Bwana Marhun alijaribu kupinga kidogo, lakini unajua mwenyewe, mtu wa kwetu hawezi kumkatalia mwenyeji asimsindikize. Ni sawa na kumrudishia sahani ya chakula.

Tukatembea, jua limepoa, wazee wawili wameshikana mikono wakisengenya kwa furaha, mpaka kwenye uzio. Nilidhani hapo Bi Nunu ataaga. Hakuaga. Alipandisha buibui lake kidogo, akakanyaga kokoto, akaingia ukingoni mwa barabara na Bi Ashwaq mkononi. Lori la kwanza likapita, upepo wake ukatuvuta mitandio. Bwana Marhun akamsihi arudi. Bi Nunu akajibu bila kugeuka kwamba hajawafikisha bado.

Sasa nisikilize vizuri, dada. Zamu ilikuwa imetoka, na makuli walikuwa wanakuja nyuma yetu kwa baiskeli. Wa kwanza alipotufikia akashuka. Akahamia upande wa malori na kuanza kuisukuma baiskeli yake sambamba nasi. Akashuka wa pili, akashuka mwingine, Wanepali, Wapathani wa Pakistani, Wahindi, watu wasio na hata lugha moja baina yao, na hakuna aliyewaita. Josephat alikuwemo, kwa miguu, mkono bado umefungwa, akamwamkia Bi Nunu shikamoo kama waliokutana sokoni Bukoba. Mara ukuta wa baiskeli ukawa umesimama kati ya wazee wale na malori, na ukuta wenyewe unatembea, polepole, kwa mwendo wa miguu ya Bi Nunu. Malori yakapunguza mwendo. Dereva mmoja alianza kupiga honi, akaiacha katikati. Ikabaki sauti ya minyororo na ya ndara juu ya kokoto.

Nimesoma vitabu vingi kuhusu utu, na wengi wa waandishi wake nimegombana nao pembezoni mwa kurasa. Siku ile niliuona utu wenyewe ukipita mbele yangu na fulana iliyolowa jasho. Niliogopa, dada, ile hofu ya mtu aliyeingia pahali patakatifu bila kujua, na viatu miguuni.

Tulipofika kwenye gari, wale watu walipanda baiskeli zao wakaondoka. Hawakungoja ahsante. Bwana Marhun akauliza nani aliyewapanga. Hakuna, tukamwambia. Akanigeukia, akasema barua zangu zote amezisoma, je, sasa nina neno gani? Niliubana mkoba kwapani, hoja zote zikabaki ndani. Mimi. Bi Ashwaq akachungulia kutoka kiti cha nyuma: "Marhun, umeona, au wataka Nunu atusindikize na kesho?"

Mfuko umekubali. Vigingi vimeshapigwa kutoka kwenye uzio mpaka ng'ambo, na jioni makuli husimama kuvitazama, hata Josephat.

Unajua, dada, kwetu neno zito halisemwi sebuleni. Mtu hunywa chai yote, akalisema njiani anaposindikizwa. Ndiyo maana nimekuvuta mpaka huku.

Siji mwezi wa tano kama tulivyopanga. Bwana Marhun anataka kamati ya njia iwe na mtu wa kuwaandikia wakandarasi watakapozembea, akasema anamjua mmoja ambaye barua zake zinaumiza. Nimekubali, na mkataba wangu wa kazi nimeuongeza mpaka njia ifunguliwe. Najua chumba changu umeshakipaka chokaa. Najua nilikuahidi kwamba tutazeeka pamoja kwenye nyumba ya wazazi, na ahadi hiyo bado naitaka, lakini siwezi kuwaacha watu wale nusu ya njia baada ya kuona walichotufanyia.

Nisalimie watoto wote, na mama wa duka la mkaa, mwambie sijasahau ugomvi wetu. Siku nilipoondoka ulinisindikiza mpaka kona ya mashine ya kusaga, nikakwambia inatosha, rudi, nawe ukaja mpaka stendi na kanga ya ndani. Leo tena nakwambia, inatosha hapa dada, rudi nyumbani. Na najua hutarudi.

Ni mimi mdogo wako,
Sikujua